Kiti Kilichoachwa Wazi: Kisa cha Riwaya ya Uvamizi na Wasomaji Waliogombana

Usiku wa tarehe 22 Agosti 2015, katika mji wa Spokane, jimbo la Washington nchini Marekani, ukumbi uliojaa wapenzi wa bunilizi ya kisayansi ulitulia kumsikiliza mtu ambaye hakuwa duniani. Mwanaanga Kjell Lindgren, aliyekuwa akiishi wakati huo ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, alionekana kwenye skrini akitangaza mshindi wa Tuzo ya Hugo kwa riwaya bora ya mwaka. Jina alilolitaja lilikuwa The Three-Body Problem, tafsiri ya Kiingereza ya riwaya ya Mchina Liu Cixin kuhusu viumbe wa sayari nyingine wanaofunga safari kuja kuinyakua Dunia. Mwandishi mwenyewe hakuwapo. Aliyepanda jukwaani kuipokea tuzo alikuwa mfasiri wake, Ken Liu.

Tangu tuzo hiyo ilipoanza kutolewa mwaka 1953, hakuna riwaya iliyotafsiriwa iliyokuwa imewahi kuitwaa, wala hakuna mwandishi wa Asia aliyekuwa ameipata katika kundi la riwaya. Lakini miezi minne na nusu kabla ya usiku huo, majina ya riwaya tano zilizofika fainali yalipotangazwa, kitabu hicho hakikuwamo. Kiliingia kwa sababu mwandishi mwingine, ambaye naye alikuwa ameandika riwaya ya wavamizi kutoka angani, aliinuka kwa hiari yake na kuacha kiti wazi.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa kisiasa wa Wamarekani, na ni kweli kwamba siasa zilikuwamo. Ninachotaka kukichambua hapa ni kitu kingine, yaani maoni ya msomaji. Watu walidai kwamba wanapima jinsi wasomaji walivyoipenda au walivyoichukia riwaya fulani, ilhali ukifuatilia jambo hili hatua kwa hatua unagundua kwamba baadhi ya waliopiga kura hawakuwa wakipima kitabu hata kidogo, na kwamba hata wale waliokisoma kwa makini, kutoka jalada hadi jalada, hawakuwa wamesoma kitabu kimoja.

Tuzo ya Hugo haitolewi na jopo la wataalamu waliofungiwa chumbani. Hutolewa na wanachama wa Mkutano wa Dunia wa Bunilizi ya Kisayansi, unaofanyika kila mwaka katika mji tofauti, na uanachama wenyewe hununuliwa: mwaka 2015 mtu aliyetaka kupiga kura bila kusafiri alilipa dola 40. Kwanza wanachama hupendekeza, na kwa kanuni za wakati ule kila mmoja aliruhusiwa kutaja kazi zisizozidi tano katika kila kundi. Kazi tano zilizotajwa mara nyingi zaidi ziliingia fainali, kisha hufuata kura ya mwisho, ambayo mpigakura huzipanga kwa kufuata mapenzi yake, na akiona hakuna inayostahili anaweza kuweka juu ya zote chaguo linalosema kwamba tuzo isitolewe kabisa.

Udhaifu wa utaratibu huo unaonekana ukikaa chini na kupiga hesabu. Msimu ule zilipokelewa fomu 2,122 za mapendekezo. Wasomaji wa kawaida, kila mmoja akitaja vile alivyovipenda mwenyewe, hutawanya kura zao katika mamia ya vitabu, kwa hiyo hata kitabu kinachopendwa sana hupata sehemu ndogo tu ya jumla. Wakitokea watu mia mbili au mia tatu wakaandika majina yaleyale matano bila kupunguza wala kuongeza, wanaweza kulijaza kundi zima, na wengine elfu moja na mia kadhaa wakabaki wanashangaa kura zao zimekwenda wapi.

Hilo ndilo lililotokea. Mwaka 2013 mwandishi Larry Correia alianzisha kampeni iliyojiita kwa mzaha Watoto wa Mbwa Wenye Huzuni, jina ambalo masikioni mwa Mswahili lingekuwa tusi la kuanzisha ugomvi sokoni lakini wenyewe walilivaa kama beji. Mwaka 2015 uongozi wake ulishikwa na Brad Torgersen, na pembeni yake Theodore Beale, anayejulikana zaidi kwa jina la Vox Day, akaanzisha kundi lake la Watoto wa Mbwa Wenye Kichaa, lililokuwa na orodha karibu sawa na ile ya kwanza na wafuasi waliokuwa tayari kuifuata neno kwa neno.

Malalamiko ya Torgersen yanafaa kusikilizwa, kwa kuwa yalihusu hasa riwaya za safari na vita vya angani. Alidai kwamba zamani ukiona jaladani chombo cha angani na sayari nzuri nyuma yake, ulikuwa na hakika kwamba ndani utapata safari ya kusisimua, ilhali siku hizi unafungua kitabu cha jalada hilohilo unakuta kinazungumzia ubaguzi na unyonyaji. Msomaji wa namna hiyo nimewahi kukutana naye mara nyingi, na si lazima awe mtu mbaya. Ni mtu aliyenunua kitu kwa kuangalia kifungashio, akafika nyumbani akakuta kingine. Kosa la Torgersen, kwa maoni yangu, halikuwa kupenda anachokipenda bali kuamini kwamba wengine walipopenda vitu tofauti walikuwa wamekula njama, kisha akaiponya njama hiyo ya kudhaniwa kwa njama ya kweli.

Tarehe 4 Aprili majina yalipotangazwa, orodha hizo mbili zilikuwa zimejaza sehemu kubwa ya nafasi. Miongoni mwa riwaya tano za fainali ilikuwamo Lines of Departure ya Marko Kloos, mzaliwa wa Ujerumani anayeandika kwa Kiingereza huko Marekani. Ni kitabu cha pili katika mfululizo wake wa kijeshi. Dunia imefurika watu, mataifa makubwa yanapigania makoloni ya angani, na katikati ya vita hivyo wanatokea viumbe wenye kimo cha karibu mita 25 ambao askari huwaita Malanki. Viumbe hawa hawatangazi vita wala hawaombi mazungumzo. Wanatua kwenye koloni la binadamu, wanaigeuza hewa iwafae wao, na baada ya wiki chache binadamu hawezi kupumua tena mahali alipokuwa amejenga nyumba. Aliyekuwa akitafuta kitabu ambacho jalada na yaliyomo vinakubaliana, kama Torgersen alivyodai, angekuwa amekipata.

Katikati ya Aprili, Kloos akajiondoa. Alieleza kwamba riwaya yake ilikuwa katika orodha ya Beale, kwamba bila shaka ndiyo sababu ilifika fainali, na kwamba dhamiri yake isingemruhusu kupokea uteuzi ambao huenda hakuupata kwa ubora wa kazi peke yake. Annie Bellet, ambaye hadithi yake fupi ilikuwa imeingia fainali, naye akaiondoa siku zilezile. Nafasi ya Kloos ikajazwa na riwaya iliyofuata kwa idadi ya mapendekezo, nayo ilikuwa ya Liu Cixin, ambayo haikuwa katika orodha ya kundi lolote.

Hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Kloos hakusema kwamba wasomaji wake hawakukipenda kitabu. Kilikuwa na wasomaji wengi, waliokinunua kwa fedha zao na kungojea cha tatu. Alichokikataa ni maoni ambayo hayakutokana na kusoma. Mtu anayeandika jina la kitabu kwa sababu ameagizwa kuliandika hajatoa maoni juu ya kitabu hicho, hata kama kwa bahati angekisoma angekipenda, na Kloos alitambua kwamba baada ya orodha ile kupita asingeweza tena kuzitenga kura za waliosoma na kura za walioagizwa. Usiku wa tuzo, katika sherehe ya pembeni, mwandishi maarufu wa riwaya za fantasia George R. R. Martin aliwapa yeye na Bellet zawadi yake binafsi iliyotengenezwa kwa pambo la boneti la gari la kizamani. Nadhani ndicho kitu pekee kilichokabidhiwa siku ile ambacho hakuna aliyekibishia.

Kura ya mwisho ilivunja rekodi ya miaka yote iliyotangulia: fomu 5,950. Watu walioghadhabishwa na orodha zile walijitokeza kwa wingi, na katika makundi matano, yakiwamo ya hadithi fupi na ya wahariri, waliamua kwamba tuzo isitolewe kabisa kuliko iende kwa aliyeingizwa kwa mpango. Katika kundi la riwaya The Three-Body Problem iliishinda The Goblin Emperor ya Katherine Addison kwa tofauti ya kura 200. Sasa ongeza jambo moja: kabla ya kura hiyo Beale alitangaza hadharani kwamba angeiweka riwaya ya Liu nafasi ya kwanza, na kwamba angeipendekeza tangu mwanzo kama angekuwa ameisoma mapema. Katika ushindi wa kura 200, kundi dogo lenye nidhamu linaweza kuwa ndilo lililoamua. Riwaya iliyoingia fainali kwa sababu mtu alikataa kura za Watoto wa Mbwa huenda ikawa imeshinda kwa kura zao.

Kwa hiyo matokeo ya usiku ule hayawezi kutuambia wasomaji waliionaje riwaya hiyo. Inabidi tuwafuate wasomaji wenyewe, katika yale waliyoyasema walipokuwa wanazungumzia kitabu na si tuzo, na humo tunakuta mgawanyiko ambao haufuati mipaka ya makambi hata kidogo.

Lawama iliyorudiwa kuliko zote inahusu wahusika. Wang Miao, mtafiti wa nyuzi nyembamba mno zinazoweza kukata chuma, anaanza kuona tarakimu zinazohesabu kurudi nyuma. Kwanza anaziona kwenye picha alizopiga kwa kamera yake ya filamu. Anampa mkewe kamera hiyohiyo apige picha, anampa na mwanawe mdogo. Picha zao hazina kitu, zake zina tarakimu. Ni sehemu ya kutisha kweli, iliyoandikwa kwa utulivu, na mtu anajiandaa kuona nyumba hiyo ikiingiwa na hofu. Halafu mke na mtoto wanatoweka katika riwaya kana kwamba walihama usiku bila kuaga. Mwandishi alikuwa anawahitaji kama vipimo vya jaribio, na jaribio lilipokwisha akavirudisha kabatini. Msomaji anayefungua riwaya ili akutane na watu ana haki ya kukasirika hapo, na wengi walikasirika.

Wengine wameusoma ukurasa huohuo bila kuona kasoro yoyote, kwa kuwa walichokuwa wakikifuata ni wazo. Hawa hukutajia sura ya mfalme Qin Shi Huang na askari wake milioni 30. Katika mchezo wa kompyuta uliomo ndani ya riwaya, mfalme huyo anakusanya jeshi lake katika uwanda mpana ili lifanye kazi ya kompyuta. Askari watatu wanasimama wakiwa na bendera nyeupe na nyeusi, nyeupe ikiwa sifuri na nyeusi ikiwa moja. Wawili wa mbele wanainua bendera. Wa tatu anaangalia, na amefundishwa kuinua nyeusi endapo tu wote wawili wameinua nyeusi, vinginevyo nyeupe. Hajui hesabu, wala hahitaji kujua. Ukiwapanga watu wa namna hiyo kwa mamilioni, huku wapanda farasi wakikimbia katikati yao kubeba taarifa, uwanda mzima unakokotoa mwendo wa jua tatu zinazoizunguka dunia ya wavamizi, fumbo ambalo ndilo lililokipa kitabu jina lake. Nimemweleza jambo hili kwa mdomo kijana ambaye hajawahi kusoma bunilizi ya kisayansi, akachukua vijiti vitatu vya kiberiti mezani na kuanza kujaribu. Riwaya inayoweza kumfanyia hivyo mtu ambaye hata hajaishika ina nguvu ambayo lawama ya wahusika haiigusi.

Barack Obama alikuwa wa kundi hili la pili. Mwezi Januari 2017, akiwa katika siku zake za mwisho Ikulu ya Marekani, alieleza kwamba ukubwa wa mambo yanayosimuliwa katika riwaya hiyo uliyafanya mabishano yake ya kila siku na Bunge yaonekane madogo. Ni maoni ya msomaji aliyechoka, na yana ukweli fulani, kwani jeshi la wavamizi katika kitabu hicho limebakiza miaka zaidi ya 400 kufika. Katika juzuu ya kwanza hakuna chombo chao hata kimoja kinachoikaribia Dunia. Aliyekuja kutafuta vita vya angani atamaliza kurasa zote bila kuviona, na nashangaa mpaka leo kwamba kiongozi wa wale waliodai kudhulumiwa vita vya angani ndiye aliyeisifu hadharani.

Kuna mgawanyiko mwingine ulio mzito zaidi, unaomhusu Ye Wenjie, mwanamke anayewaita wavamizi. Ujumbe wake unakwenda angani mwaka 1971 kutoka kambi ya siri ya kijeshi iitwayo Pwani Nyekundu. Miaka minane baadaye jibu linafika, nalo si salamu. Kiumbe mmoja wa upande wa pili, mpenda amani aliyekuwa zamu peke yake, anamwonya asijibu, na anarudia onyo hilo mara tatu, kwa sababu akijibu mahali ilipo Dunia patajulikana na uvamizi utafuata. Ye anausoma ujumbe, anauelewa, na anajibu. Anawaalika waje, na kuahidi kuwasaidia kuiteka dunia hii, kwa maelezo kwamba ustaarabu wa binadamu umeshindwa kutatua matatizo yake wenyewe.

Je, ni msaliti wa watu wote walio hai na watakaozaliwa, au ni mtu aliyevunjwavunjwa mpaka hakubakiwa na sababu ya kuwatetea waliomvunja? Wasomaji wamebishana juu ya swali hili kwa Kichina na kwa Kiingereza kwa miaka mingi. Nilipojaribu kuzifuata hoja zao, nikaona kwamba sehemu ya tofauti zao haikutokana na tabia wala itikadi. Ilitokana na mahali kitabu kinapoanzia.

Riwaya ilichapishwa kwanza kwa mfululizo mwaka 2006 katika jarida la Kehuan Shijie la mjini Chengdu, kisha ikatoka kama kitabu mwaka 2008. Katika kitabu hicho cha Kichina msomaji anaanza na Wang Miao, siku za leo, akifuatwa nyumbani na polisi na wanajeshi kwa ajili ya wanasayansi wanaojiua mmoja baada ya mwingine. Ni mwanzo wa hadithi ya upelelezi. Ye Wenjie anaingia baadaye akiwa bibi mstaafu mpole, mama wa mmoja wa marehemu, na msomaji anamheshimu kabla hajajua chochote juu yake. Sura za Mapinduzi ya Utamaduni, ile misukosuko ya kisiasa ya China ya enzi za Mao, zimewekwa katikati, kama kumbukumbu, kwa kuwa wachapishaji waliona si busara kufungua kitabu kwa mambo hayo.

Ken Liu alipokuwa akitafsiri alimuuliza mwandishi kama sura hizo zingeweza kupelekwa mbele, na mwandishi akamjibu kwamba ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Kwa hiyo tafsiri iliyotolewa na kampuni ya uchapishaji ya Tor mnamo Novemba 2014 inafunguka mwaka 1967, mjini Beijing, katika mkutano wa kumshutumu profesa wa fizikia mbele ya umati. Ye Zhetai amevalishwa kofia ya chuma. Mkewe, ambaye naye ni mwanafizikia, anasimama jukwaani kumkana. Wasichana wanne wa Walinzi Wekundu, makundi ya vijana wafuasi wa Mao, ambao hata umri wa kuolewa hawajaufikia, wanampiga kwa mikanda yenye vifungo vya shaba mpaka anakufa. Binti yake yuko kwenye umati akitazama.

Msomaji wa Kiingereza anayebeba picha hiyo tangu kurasa za kwanza, anapofika mahali Ye anapobonyeza kitufe, huwa ameshakaa na maumivu yake kwa muda mrefu, na mara nyingi humsamehe, au walau huona aibu kumhukumu. Msomaji wa toleo la Kichina la 2008 amefuata kwanza nyayo za mhalifu asiyejulikana, ameona maiti za wanasayansi, amemwonea huruma bibi mpole. Anapogundua kwamba bibi huyo ndiye chanzo, anahisi amesalitiwa yeye binafsi. Maneno ni yaleyale kwa sehemu kubwa, na matukio ni yaleyale, lakini kesi inayofunguliwa kwa kusoma historia ya mshtakiwa si sawa na kesi inayofunguliwa kwa kuonyesha miili ya marehemu, kama wakili yeyote atakavyokwambia.

Kama ningelazimika kuchagua, ningechagua mwanzo wa Kiingereza, kwa sababu unaliweka swali la kitabu mezani mapema: uvamizi huu uliitwa na mtu, na mtu huyo alifikishwa hapo na watu. Lakini nakiri kwamba gharama yake si ndogo. Fumbo la tarakimu na vifo vya wanasayansi, lililomshika msomaji wa Kichina kooni, kwa msomaji wa Kiingereza limepungua makali, kwa kuwa ameshajua kwamba kilio cha hadithi kiko kwingine. Liu Cixin mwenyewe aliwahi kusema kwamba kwa kawaida fasihi ya Kichina ikitafsiriwa hupoteza kitu, ila kitabu hiki kwake kiliongezeka. Filamu ya mfululizo ya Netflix ilipotoka Machi 2024, nayo ikafunguliwa kwa jukwaa lile la 1967, na nchini China wakajitokeza waliolalamika kwamba lengo lilikuwa kuipaka nchi yao matope, na wengine wakawajibu kwamba yote hayo yamo katika kitabu walichokisoma wenyewe. Pande zote mbili zilisema kweli kuhusu kitabu zilichokuwa nacho kichwani.

Msomaji wa Afrika Mashariki naye ana mahali pake pa kuingilia, ingawa si mwanzoni. Mwishoni mwa juzuu hiyo wavamizi wanawapelekea binadamu ujumbe mfupi wa kuwaita wadudu. Wanasayansi wawili wanakata tamaa na kuanza kulewa. Polisi Shi Qiang, mtu mkorofi ambaye ndiye mhusika pekee aliye hai kwa namna ambayo hata wanaoilaumu riwaya hukubali, anawapakia garini na kuwapeleka mashambani kwenye ngano iliyojaa nzige. Anawauliza: tofauti ya ujuzi kati yetu na wale wavamizi ni kubwa kuliko ile iliyopo kati yetu na hawa? Tumewapiga nzige kwa sumu, kwa moto na kwa kila hila, na bado wapo.

Wasomaji wengi huipenda sura hiyo kwa ajili ya matumaini yake. Lakini aliyekuwa Samburu au Kitui mwanzoni mwa 2020, wakati makundi ya nzige ambayo Kenya haikuwa imeyaona mfano wake kwa miaka 70 yalipotua, hawezi kuisoma kirahisi hivyo. Kwa hesabu ya Shirika la Chakula na Kilimo, kundi linaloenea kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Watu walitoka na masufuria, mabati na filimbi, watoto wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka, na nzige wakainuka, wakazunguka, wakatua shamba la jirani. Anayekumbuka hayo anaposoma kwamba binadamu ni nzige asiyeshindika, kwanza atajiuliza ni shamba la nani linaloliwa katika mfano huu. Riwaya haimjibu. Sidhani kama ni kasoro. Liu alikuwa akizungumza na watu waliovunjika moyo, si na wakulima. Hata hivyo ni maoni halali ya msomaji, na sijayaona katika mijadala ya Beijing wala ya Spokane.

Waandaaji wa tuzo nao walijifunza lao. Katika mkutano uleule wa Spokane wanachama waliidhinisha kwa mara ya kwanza kanuni mpya ya kuhesabu mapendekezo, mwaka uliofuata ikathibitishwa, na mwaka 2017 ikaanza kutumika. Chini ya kanuni hiyo kila mpendekezaji huwa na pointi moja katika kila kundi, inayogawanywa kwa kazi zote alizozitaja ambazo bado hazijaondolewa. Wanaotaja majina matano yaleyale huzigawa pointi zao sawasawa na hushindana wao kwa wao, na hatimaye hubakiwa na nafasi moja au mbili badala ya kundi zima. Idadi ya wanaofika fainali nayo ikaongezwa kutoka tano hadi sita.

Juzuu ya pili ya Liu, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2015, haikufika fainali. Ya tatu, Death's End, iliingia mwaka 2017, katika hesabu ya kwanza kabisa ya kanuni mpya, bila mtu yeyote kumwachia kiti. Mkutano ulikuwa Helsinki, na tuzo ikaenda kwa mwandishi Mmarekani N. K. Jemisin.